Chanjo ya Mgeni Rasmi

Wifi yangu ananuka samaki. Nianze na hilo, maana siku hizi wamejitokeza watu wa kumsifu, wote wanaanza na mengine, na mimi unafiki siuwezi. Ananuka samaki Jumatatu kazini, ananuka samaki Jumamosi harusini akiwa na gauni la kukodi. Kaka yangu aliyemuoa, fundi seremala, amezoea mpaka akilala ugenini analalamika kwamba hewa ya huko haina ladha. Sabuni zote za dukani zimejaribu zikanyoosha mikono. Mwenyewe wala hajali. Ukimwambia, anakunusa na wewe, halafu anasema, "Na wewe unanuka majani ya chai, wifi. Tumetoka sare."

Kweli nanuka majani ya chai. Mimi ndiye mpika chai wa kituo cha kuzalisha vifaranga wa samaki, na yeye ni mtunza samaki wa ukumbi wa pili, kituo hicho hicho. Kazi alinitafutia yeye, na hunikumbusha kila tunapogombana, yaani kila siku. Pale kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Kiini.

Ukumbi wa pili ni chumba kirefu chenye paa la bati, matangi arobaini ya saruji na pampu moja inayokohoa kutwa nzima. Humo wanafugwa perege wa kuzalisha. Perege jike ni mama wa ajabu. Akishataga na dume akamaliza yake, anayaokota mayai yote na kuyaweka mdomoni, na anakaa nayo humo siku hata siku, hali, hatafuni, hajibizani na mtu. Mimi na mdomo wangu huu ningewameza watoto wote kabla ya jioni. Kazi ya wifi ni kumshika mama huyo taratibu, kumfungua mdomo kwa kidole gumba, kuyasuuza mayai yaangukie kwenye bakuli, kisha kuyapeleka kwenye chupa za kuangulia. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo alikuwa kibarua. Kibarua wa kudumu! Ndivyo walivyomwandika kwenye karatasi zao bila haya. Cheo hicho ukikitafuta mahali pengine hukipati.

Sasa, mwaka ule vifaranga walikuwa wanakufa. Wiki ya pili baada ya kuanguliwa wanaanza kuzunguka kama walevi, macho yanatoka nje, na ukija asubuhi wanaelea tumbo juu. Mizao mitatu mfululizo ilikwenda hivyo. Wakubwa wakaleta barua yenye maneno machache: mzao wa nne ukifa, ukumbi wa pili unafungwa na kibarua wake anarudi nyumbani. Ukiishi, kibarua wake anapewa ajira, ajira kamili yenye barua na muhuri. Wifi aliisoma barua hiyo jikoni kwangu mara tatu. Hata kuninusa hakuninusa, nikajua maji yamefika shingoni.

Lakini kuna jambo alikuwa ameliona, yeye wa darasa la saba, ambalo waliojaza kuta zao vyeti hawakuliona. Katika mizao yote mitatu kuna vifaranga wachache waliopona, na kila mara walikuwa watoto wa mama wale wale. Mama wenyewe wabaya wa sura kweli kweli. Mmoja chongo, mwingine pezi limeliwa, mwingine mgongo umepinda kama kiti cha kaka yangu cha kwanza. Wote hao waliwahi kuugua ugonjwa ule ule wakiwa wadogo, wakapona. Mama wazuri wazuri, wenye magamba ya kung'aa, wasiowahi kuumwa hata mafua, watoto wao walikufa kama nzi.

Akaenda kumweleza mkuu wa kituo. Huyu sisi tunamwita Itifaki. Jina nilimpa mimi jikoni, likatoka lenyewe likaenda ofisini. Itifaki hawezi kukaa kabla hajajua nani anakaa kulia kwake. Kuhusu samaki alikuwa anajua jambo moja tu, kwamba upande wa mgongo una nyama nyingi. Alimsikiliza wifi akiwa amemwacha mlangoni, asije akaingia na ile harufu, kisha akasema, "Mama, hayo tuachie wataalamu."

Bahati nzuri mtaalamu akaja kweli. Daktari wa samaki, kijana mpole mwenye miwani, ambaye alikaa nasi miezi miwili akahamishwa, maana pale kwetu mtu wa maana hakai. Alikuwa anakunywa chai jikoni badala ya ofisini, na ndiko wifi alikomkamata. Alipomaliza kueleza habari za wale mama wabaya, daktari aliweka kikombe chini akacheka kwa furaha.

"Mama, umeona mwenyewe kitu ambacho watu wanakwenda kusomea," akasema. "Mtoto wa samaki anaanguliwa mwili wake haujajua kupigana. Wiki za mwanzo hana silaha yake. Anatumia ile aliyofungiwa na mama yake kwenye kiini cha yai. Mle kuna chakula, na kuna kingamwili pia. Mama aliyeugua akapona, mwili wake unaujua ugonjwa, na ujuzi huo anampa mtoto. Ambaye hajawahi kuugua, atampa nini?"

"Hee!" nikasema mimi. "Kumbe ni kama kumpeleka mtoto shule ya bweni. Sabuni na blanketi unamfungia sandukuni nyumbani. Gari likishaondoka, ndiyo basi tena."

Daktari akasema ndivyo hivyo hasa. Wifi akaudaka mfano wangu, na tangu siku hiyo anautembeza kama wake.

"Na sanduku linafungwa lini?" akauliza.

"Kiini kinajengwa tumboni, wiki baada ya wiki, kabla hajataga. Kwa hiyo tutawachanja mama, hata hao wazuri, tuwafundishe ugonjwa bila kuugua. Lakini mapema! Angalau wiki nne kabla hujawachanganya na madume. Tumbo likishajaa umechelewa. Unaweza kumchoma mama akapata kinga yake mwenyewe, lakini mtoto ameshaondoka mikono mitupu."

Kuanzia hapo wifi hakuwa na wimbo mwingine. Mlinzi akipita, kiini. Dereva akiomba maji ya kunywa, kiini. Kaka yangu anakula chakula chake cha jioni kwa amani, anaambiwa habari za kiini mpaka kijiko kinapoa. Ndiyo jina likamkaa.

Chanjo ikafika Jumanne moja kwenye boksi la barafu, wiki sita kabla ya siku ya kuchanganya majike na madume. Chupa mbili ndogo, dawa yenyewe haina rangi, ukiitazama ni maji matupu. Kituo kizima kina friji moja, friji yangu, na ufunguo nakaa nao mimi kwa sababu ya wezi wa maziwa. Chanjo ikakaa kati ya maziwa na siagi ya Itifaki. Daktari alikuwa ameshahamishwa, lakini aliacha maelekezo ya kiasi cha dawa na mahali pa kuchoma kwenye karatasi, na wifi alikuwa tayari na ndoo zake tangu alfajiri ya Jumatano.

"Bado," akasema Itifaki.

"Bado nini, Mkuu?"

"Jambo hili ni la kihistoria. Sindano ya kwanza itachomwa na mgeni rasmi."

Mgeni rasmi alikuwa aje Ijumaa. Ijumaa akasafiri. Wakasema Alhamisi inayofuata, na Alhamisi ilipofika ikaonekana hema halijapatikana la rangi inayofaa. Nasema kweli, hema! Viti vilishakuja, kipaza sauti kilishajaribiwa, moja mbili, moja mbili, wakati mama sitini wanakula na kunenepa mle ndani na matumbo yanaanza kuonekana. Siku hiyo nilikuwa napeleka chai ofisini wifi alipoingia bila kubisha hodi, harufu yake ikiwa imemtangulia.

"Mkuu, matumbo yanaanza kujaa. Zimebaki wiki nne na siku chache. Siku hizo zikipita, tunapoteza dawa bure."

Itifaki akafunika kikombe chake kwa kiganja. "Waambie wasubiri."

Waambie wasubiri! Kama vile perege wamepanga foleni benki. Wifi alinitazama mimi, na mimi nikajitia natafuta kijiko.

Jumapili hiyo akaja nyumbani kwangu mchana, amejifunga kitenge kiunoni. "Nipe ufunguo wa friji," akasema. Nikamuuliza kama ana wazimu. Akasema anao. Nikamwambia atafungwa, akasema afungwe, lakini mzao wa nne hatauona ukifa huku dawa iko karibu na siagi. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikavaa viatu, maana namjua wifi, ningemnyima ufunguo angebeba friji.

Jumapili kituoni kuna mlinzi tu, naye alikuwa na redio yake na mpira wake. Tulifanya kazi saa tano. Anamtia samaki kwenye ndoo yenye matone ya mafuta ya karafuu, samaki analegea, anamgeuza, anamchoma chini ya tumbo pembeni kidogo, anamrudisha kwenye maji safi na kumshika mpaka apumue vizuri. Kila mmoja alimwambia "pole mama." Sitini! Mimi nilikuwa namvutia dawa na kuhesabu, kila goli likifungwa redioni narukaruka kama nimechomwa mimi. Tulipomaliza nilichemsha maji, nikatia chumvi kidogo, tukajaza chupa zile na kuzirudisha mahali pake.

"Ikigundulika," akasema, "ufunguo niliuiba kwenye mkoba wako. Wewe hujui kitu."

Nikasema sawa. Nilisema haraka sana, na hilo nalikumbuka.

Mgeni rasmi akaja siku tatu kabla ya samaki kuchanganywa. Magari kumi na moja, hema la bluu. Wakamletea perege jike ndani ya beseni jeupe, tumbo limejaa mayai, amelegezwa kwa karafuu mpaka na yeye mgeni akapiga chafya. Akamshika, samaki akamteleza, akagonga tai, akaangukia kiatu. Akashikwa tena na watu watatu. Mgeni akachomeka sindano, kwa heshima zake zote, kwenye mkia. Makofi! Maji yangu ya chumvi yakapigiwa makofi mpaka hema likatikisika. Hotuba ikadumu saa moja na robo, na nilisikia neno historia mara tisa. Samaki waliobaki aliachiwa wifi, naye akajifanya anawachoma. Picha ilitundikwa ofisini siku ya pili yake: mgeni anatabasamu, Itifaki anatabasamu, samaki ametoa macho.

Mama wakataga. Mayai yakaanguliwa. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili wifi hakuwa mtu wa kusemeshwa, alikuwa anakaa ukingoni mwa matangi na tochi ndogo, anawatazama vifaranga mmoja mmoja kama anayewajua kwa majina. Hakuna aliyezunguka. Wiki ya tatu walikuwa wanagombea chakula, wanene, wana kelele za maji. Mzao mzima uliishi, ukitoa wachache ambao hufa tu kama wanavyokufa siku zote.

Barua ya ajira ikaja na muhuri. Wifi aliisoma amesimama katikati ya matangi, akalia kwa sauti, na mimi nikalia, na mlinzi akaja kuuliza nani kafa. Kaka alimnunulia viatu vipya. Nilifurahi, sifichi, nilifurahi kama nimeajiriwa mimi.

Lakini Itifaki naye alikuwa anaandika. Akatoa mwongozo, kurasa kumi na mbili, ukapelekwa vituo vyote: mama wa samaki wachomwe chanjo siku tatu kabla ya kuchanganywa na madume, mbele ya kiongozi, kama ilivyothibitishwa kituoni kwetu. Kama ilivyothibitishwa! Nilimsomea wifi mwongozo huo jikoni, akaweka mkono kichwani. Akaenda ofisini kusema kwa upole kwamba siku tatu ni chache, daktari alisema wiki nne.

"Una ushahidi?" akauliza Itifaki, akamwonyesha picha ukutani. "Ushahidi wetu ule pale."

Wifi angefanya nini? Akarudi kazini. Miezi minne akajipa moyo kwamba huko kwingine watu watatumia akili. Halafu simu ikalia.

Aliyepiga ni binti mmoja aliyewahi kuletwa kwetu kujifunza kazi. Wifi alimfundisha mwaka mzima, akamfungia na nguo za kuanzia maisha alipopelekwa kituo kingine. Alikuwa analia. "Mama, nimefuata mwongozo mstari kwa mstari. Mgeni alikuja, alichoma, siku tatu kabla. Wamekufa wote. Mzao wa pili nao wamekufa. Wameniandikia barua kwamba ni uzembe wangu, kwa sababu kwenu ilifaulu. Mama, nyie mlifanya nini ambacho mimi sikufanya?"

Wifi akakata simu. Jioni ile tulikaa watatu nyumbani kwake, kaka yangu anakwaruza ubao ambao hauhitaji kukwaruzwa.

"Nyamaza," nikamwambia. "Barua umeisubiri miaka kumi na tisa. Yule ni kijana, atapata kazi nyingine."

"Nilimfundisha kila kitu," akasema. "Nikamficha hiki kimoja, na hiki ndicho kilichomwangusha."

"Hukumficha wewe. Aliyemficha ni Itifaki."

"Itifaki hajui! Anayejua ni mimi. Na wewe."

Kaka akaacha ubao, akasema, "Mke wangu, sema. Tutakula mbao." Ni mjinga kaka yangu, lakini siku nyingine ujinga wake naupenda.

Kikao cha wafanyakazi kilikuwa Ijumaa. Wifi akasimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule, akasema yote. Kwamba aliwachoma yeye, Jumapili, wiki nne kabla. Kwamba mgeni rasmi alichoma maji ya chumvi. Kwamba mwongozo unaua vifaranga na binti wa watu anafukuzwa kwa kosa lisilo lake. Wakamuuliza alipata wapi ufunguo. Akasema aliuiba kwenye mkoba wa wifi yake, ambaye hajui kitu.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa pale pale nimeshika birika, namimina chai. Mimi mwenye mdomo, niliyewapa watu majina kituo kizima, nilimimina mpaka chai ikafurika kwenye kisahani cha mhasibu. Nikafuta kwa kitambaa. Sikufungua kinywa.

Barua ya kumfukuza ilikuja Jumatatu, na niliisoma mpaka nikaikariri. Aya ya kwanza inasema anafukuzwa kwa kuchoma chanjo bila kibali na kumdhalilisha mgeni rasmi. Aya ya pili inasema madai yake kwamba alichoma chanjo hayana ushahidi wowote na yapuuzwe. Kwenye ukurasa mmoja! Aliyesaini zote mbili ni Itifaki, kalamu ile ile.

Wifi akarudi nyumbani. Wiki mbili hazijaisha, jioni moja tuko jikoni kwake, mara hodi. Itifaki. Amevaa fulana, bila tai sikumtambua, ana kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Alikaa kwenye kiti alichopewa bila kuuliza nani anakaa kulia. Akazunguka, akaulizia afya ya kaka, akasifu kabati. Mwisho ikatoka: amechimba bwawa lake nyuma ya nyumba, ana mama thelathini, vifaranga wanazunguka na kufa.

"Nilitaka tu kujua," akasema, "zile wiki. Zilikuwa nne kamili, au nne na siku?"

Nikainuka nimtoe nje kwa fagio, Mungu ananiona. Wifi akanishika kitenge. Akamweleza. Wiki nne, ikiwezekana tano. Kiasi cha dawa, mahali pa kuchoma, namna ya kumshika samaki mpaka apumue. Alimweleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyomfundisha yule binti, na kumbe yule mtu alikuwa na kalamu, anaandika.

Alipoondoka niliwaka. "Umempa bure! Kakufukuza, ukampa bure!"

"Atabadilisha mwongozo," akasema. "Sasa ana samaki wake, atabadilisha."

Na akabadilisha kweli. Mwongozo mpya ukatoka: wiki nne, kufuatia utafiti wa kina wa mkuu wa kituo. Binti akarudishwa kazini. Vifaranga wa vituo vingine wakaanza kuishi. Nilimpelekea wifi habari hizo nikidhani atasema Mungu mkubwa, yaishe, maana watu wanapenda kumfanya malaika. Uso ukamkunjamana.

"Ile barua niliitaka, wifi," akasema. "Usidhani sikuitaka. Nina hasira mpaka nashindwa kula." Akalia, na safari hii sikulia naye. Niliona aibu.

Wakubwa wakaja kumpongeza Itifaki. Wageni sita, meza ya kitambaa cheupe, na mimi na birika langu. Mmoja wao, mama wa makamo aliyevaa miwani, akauliza swali ambalo sijui kwa nini halikuwahi kuulizwa na mtu: "Mkuu, hebu tueleze, hizo wiki nne uligunduaje?"

Itifaki akakohoa, akarekebisha tai, akasema lilikuwa jambo la kujitolea sana.

"Alikwenda kufundishwa na wifi yangu," nikasema. "Jikoni kwake, na kilo mbili za sukari mkononi, baada ya kumfukuza kazi. Aliyewachoma wale samaki ni wifi yangu. Na ufunguo hakuuiba. Nilimpa mimi, na dawa nilimvutia mimi, na maji ya chumvi aliyoyapigiwa makofi mgeni wenu niliyachemsha mimi kwenye birika hili hili. Nani anaongeza sukari?"

Hakuna aliyeongeza. Yule mama wa miwani alikuwa ametoa daftari, ananitazama, anasema, "Rudia, taratibu." Nikarudia taratibu, tangu Jumanne ya boksi la barafu, na nikamtajia nyumba ya wifi ilipo. Itifaki alitazama meza muda wote. Nilipomaliza nikavua aproni, nikaweka ufunguo wa friji mbele yake, nikaondoka kabla hawajaniandikia na mimi aya mbili.

Wifi alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele. Nikamweleza yote. Akaacha kuchambua.

"Wamekufukuza?"

"Sijui. Sikungoja."

"Mjinga wewe," akasema. "Na wakija kuniuliza?"

"Wakija useme kweli. Tulikuwa wawili."

Akanisogezea ungo, nikakaa karibu naye, tukaendelea kuchambua mchele huku tunatazama njia.